Umaskini Uliothibitishwa

Siku maafisa wa ufadhili walipokuja kwetu Suna kuthibitisha umaskini wetu, mama yangu alikuwa amepaka nyumba rangi.

Si nyumba nzima. Alipaka ukuta wa mbele, ule unaotazama njia, na milango miwili. Rangi ilikuwa ya samawati. Baba, ambaye ni fundi wa mawe na plasta, alimwambia kwamba haitatosha kufika kwenye kona, mama akamwambia ataipaka nyembamba. "Wageni wa chuo kikuu hawawezi kukuta ukuta umechubuka," alisema. Nilisimama pale na ndoo ya maji mkononi, nikijua tunaharibu kila kitu, wala sikuwa na neno la kumweleza mama yangu kwamba wageni wale walikuwa wanakuja kutafuta michubuko.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na kupata alama za kunipeleka chuo kikuu cha umma. Kupelekwa ni jambo moja, kulipiwa ni jingine. Mama aliuza omena, dagaa wa ziwani, sokoni, baba alijenga pale alipoitwa, na nyuma yangu kulikuwa na wadogo zangu watatu shuleni. Chuo chenyewe kiko mbali na kwetu, upande mwingine wa nchi. Sitakitaja kwa jina. Si kwa heshima. Ni kwa sababu kingefurahi.

Tangazo lao lilibandikwa kwenye ofisi ya elimu mjini Migori. Lilisema chuo kitawafadhili kwa shahada ya kwanza "vijana werevu kutoka familia zisizojiweza". Mwombaji alete barua ya chifu, barua ya kanisa, na insha ya kurasa mbili kuhusu historia ya chuo. Akipita hapo ataitwa kwenye mahojiano Homa Bay, na akipita Homa Bay watamtembelea nyumbani.

Mpaka leo sijaelewa kwa nini mtu asiye na karo atakiwe kujua mkuu wa kwanza wa chuo alikuwa nani. Daktari hakuulizi historia ya hospitali kabla ya kukudunga sindano. Lakini nilikuwa na miaka kumi na minane, nikaazima kijitabu chao pale ofisini, nikakisoma. Kilikuwa cha karatasi inayong'aa. Kila mkuu wa chuo alikuwa amepigwa picha akiwa na joho, koleo na mche wa mti. Kama miche yote ile ingeshika, chuo kingekuwa msitu. Sentensi ya kwanza ilisema: "Chuo chetu kilizaliwa kutokana na maono."

Nilimsomea baba sentensi hiyo akiwa anakula. Akacheka hadi ugali ukampalia.

"Maono gani?" alisema. "Mimi nilikuwepo."

Ndivyo nilivyojua kwamba baba, alipokuwa kijana asiye na mke, alikuwa amechukuliwa na kontrakta pamoja na mafundi wengine wa huku kwetu na kupelekwa kule kufanya kazi. Wakati huo mahali pale palikuwa chuo cha wasaidizi wa mifugo. Palikuwa na josho, mabweni mawili na ng'ombe wa maziwa. Kisha mkubwa mmoja akatangaza kwenye mkutano wa hadhara kwamba papo hapo pawe chuo kikuu, watu wakapiga makofi, na baada ya makofi hakuna aliyeweza kurudi nyuma. Baba alisema ng'ombe walihamishwa Ijumaa na wanafunzi wakaanza kuingia Jumatatu. Banda la kukamulia likafanywa ukumbi mkuu. Yeye na wenzake walipewa siku mbili za kuziba kwa saruji mfereji uliokuwa ukipitisha mikojo na samadi katikati ya sakafu, na saruji ilikuwa bado mbichi mtu wa kwanza mwenye joho alipoikanyaga.

Niliandika yote hayo. Nilidhani nimewapa zawadi. Nani asingependa kujua jengo lake lilikuwa nini?

Mahojiano yalifanyika katika ukumbi wa hoteli Homa Bay, na mbele yangu waliketi watatu: profesa mmoja mwenye miwani, afisa wa ufadhili mwenye faili, na mwanamke wa mawasiliano aliyevaa kamera shingoni kama wengine wanavyovaa msalaba. Profesa aliishika insha yangu kwa ncha za vidole.

"Hii habari ya banda la ng'ombe umeitoa wapi?"

"Kwa baba yangu, mwalimu."

"Baba yako ni mwanahistoria?"

"Ni fundi. Ndiye aliyeziba mfereji."

Mwanamke wa kamera alianza kucheka, akaona profesa hacheki, akakohoa.

"Binti," profesa alisema, "historia ya chuo imepitishwa na baraza. Haina banda. Nenda chumba kile, uandike upya, utuletee."

Nilienda. Nilipewa karatasi nyeupe na nusu saa, na nikaandika kwamba chuo kilizaliwa kutokana na maono. Nikaongeza miche. Profesa alisoma, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akasema sasa naanza kufikiri kisomi. Baba alikuwa akinisubiri nje ya hoteli. Aliponiuliza kama walipenda habari zake nilimwambia walizipenda sana.

Ziara waliitaka iwe Jumamosi. Mama, ambaye ni Msabato hata akiwa usingizini, aliwajibu kwa simu kwamba Sabato hapokei wakaguzi, hata wangekuwa wanakuja na ufunguo wa mbingu. Wakaja Jumapili, afisa wa faili na mwanamke wa kamera. Mama alikuwa amechinja kuku, ametandika vitambaa vyeupe juu ya viti, amewavisha wadogo zangu nguo za kanisani. Sakafu ya saruji, ambayo baba aliimwaga mwenyewe, iling'aa.

Afisa alisimama mlangoni akiangalia ukuta wa samawati kama mtu aliyeletewa chakula asichoagiza.

"Mama, hii ni nyumba yenu?"

"Ni yetu, mwalimu. Karibu, keti."

Hawakuketi kwanza. Walizunguka. Walitazama mabati wakayahesabu, wakafungua mlango wa choo, wakauliza kama kuna ng'ombe, kama kuna redio, na huwa tunalala njaa mara ngapi kwa wiki. Mama alijibu swali hilo la mwisho kwa sauti ambayo mimi naijua.

"Nyumba yangu hailali njaa."

Afisa aliandika. Nikaona kalamu inaandika maisha yangu yote kwa neno moja, na neno hilo halikuwa zuri.

Kisha wakala kuku. Wakala vizuri, nitawapa haki yao. Afisa aliramba mpaka mfupa. Alipomaliza kunawa, mwanamke wa kamera alisema anahitaji picha ya mwombaji na mzazi wake. Mama akasimama mbele ya ukuta wa samawati, akatengeneza kilemba.

"Si hapo," yule mwanamke alisema. Alikuwa ameona kibanda cha jiko cha jirani yetu, cha udongo, kilichokuwa kimelala upande mmoja tangu mvua za masika, na fito zimetokeza nje. "Pale pana mwanga mzuri. Simameni pale."

"Jiko hilo si langu," mama alisema.

"Ni picha tu, mama."

"Mwenye jiko yuko hai. Ameenda kisimani. Mkimtaka, msubirini arudi mumpige picha yeye."

Afisa aliingilia kati kwa upole wa watu walioshiba. "Mama, nisaidie nikusaidie. Wanaotoa pesa wanataka kuona hali."

"Hali si hii hapa?" mama alisema, akiupiga ukuta wetu kwa kiganja. Kiganja kikatoka na samawati. "Mtoto amepata alama. Baba yake anafanya kazi. Mimi nafanya kazi. Tukiweka pamoja karo haifiki. Mnataka tulie?"

Waliaga, wakashukuru kwa kuku, na wiki mbili baadaye barua ikaja ikisema kwamba familia yangu ilionekana kujiweza.

Mama aliisoma, akaikunja na kuitumia kuwashia jiko. Alisema Mungu atafungua mlango mwingine. Mimi sikuwa na subira ya mlango mwingine. Nambari ya afisa ilikuwa chini ya barua na nilikuwa nimeinakili. Nilienda nyuma ya soko nikampigia, nikamwambia kwamba walitembelea nyumba isiyo yenyewe. Kwetu hasa, nilisema, ni Ndhiwa, kwa nyanya yangu mzaa baba.

Akauliza, "Huko kukoje?"

"Nyumba ya udongo," nilisema. "Ya nyasi."

"Sasa unaongea," alisema.

Yale niliyomwambia yalikuwa kweli, na ndiyo maana bado yananichefua. Dani, kama tunavyomwita nyanya kwetu, aliishi katika nyumba ya udongo iliyoezekwa nyasi, lakini aliishi humo kwa kupenda. Baba alikuwa amemjengea nyumba ya matofali papo hapo uani. Dani alilala humo siku moja, akasema mabati yanapiga kelele kama watu wanaogombana, akahamishia mahindi humo na kurudi kwenye nyasi zake zenye ubaridi. Nyumba ile ya matofali ilikuwa ghala bora kuliko yote Ndhiwa.

Nilimdanganya mama kwamba namtembelea dani kwa siku chache. Maafisa walipofika niliwalaki njiani ili nisiwape nafasi ya kuuliza majirani. Safari hii walikuwa wachangamfu. Mwanamke wa kamera aliiona nyumba ya nyasi na kusema, "Hapa sasa." Aliinama, akasogea kushoto, akasogea tena, mpaka nyumba ya matofali ikatoka kwenye picha. Halafu akaangalia miguu yangu. Nitamkumbuka kwa hilo: hakulazimika kusema. Nilivua viatu mwenyewe, nikaviweka nyuma ya ghala.

Dani alikuwa ameketi mlangoni akichambua njegere. Alinitazama.

"Umevua viatu kwa nini?" aliuliza kwa Dholuo, lugha yetu. "Umekanyaga mavi?"

"Bibi anasemaje?" afisa aliniuliza.

"Anawakaribisha," nilisema.

Dani, ambaye hakujua Kiswahili kingi lakini alijua watu, alitazama kamera, akatazama mimi, akaanza kucheka. Alicheka kwa mdomo wake wote usio na meno, na ndivyo alivyotokea kwenye picha. Maelezo waliyoandika chini yake yalisema kwamba bibi alibubujikwa na furaha aliposikia mjukuu wake atasomeshwa.

Hundi ilikabidhiwa katika ukumbi mmoja mjini Migori. Haikuwa hundi, ilikuwa ubao mkubwa kama mlango, wenye jina la chuo kwa herufi nene na jina langu kwa kalamu, na baada ya picha waliurudisha kwenye gari kwa sababu ulikuwa unahitajika kwingine. Baba na mama walikuwa safu ya pili. Mama alikuwa amevaa nguo yake ya Sabato. Nyuma ya jukwaa waliteremsha bango, na kwenye bango nilikuwepo mimi, peku, urefu wa mtu na nusu, pamoja na nyasi na dani anayecheka.

Sikuthubutu kugeuka. Nilikuwa nimemwambia mama kwamba chuo kimebadili nia baada ya kuzipitia alama zangu upya, na mama, Mungu amsamehe, alikuwa ameamini kwamba alama zina nguvu hiyo.

Alikula biskuti zao, akamshukuru afisa. Tulipofika nyumbani aliweka mkoba juu ya meza, akasema, bila hasira, "Kumbe kwenu ni Ndhiwa." Akaenda kupika.

Nilisoma miaka minne. Walimu wazuri walikuwepo, na nilisoma historia, kwa sababu nilitaka kujua ni baraza gani hupitisha mambo. Lakini wafadhiliwa tulikuwa na masomo mengine ya ziada. Kila muhula tuliandika barua ya shukrani kwa mtu tusiyemjua, na barua zilizokosa machozi zilirudishwa. Kila akija mgeni tulivalishwa fulana zenye maandishi mgongoni na kupangwa mstari kwenye lango kama maua ya plastiki. Wanafunzi wenzetu walituita "wale wa mgongo".

Katika mstari huo nilisimama kila mara kando ya kijana mmoja kutoka Homa Bay, mpole, mwenye saa nzuri aliyoificha chini ya mkono wa fulana. Mwaka wa pili aliniuliza kama nyumba kwenye bango langu ilikuwa yetu.

"Ya dani wangu," nilisema. "Yako?"

"Ya mchungaji wetu wa ng'ombe." Aliangalia mbele, kwa sababu mgeni alikuwa anakaribia. "Tulimhamisha kwa siku moja. Mjomba alijua watakuja lini. Watoto wake walikuwa wanalia wanataka kuingia ndani, mama akawapa mandazi wanyamaze."

"Na huyo mchungaji ana watoto wa kusoma?"

"Ana msichana. Alikuwa amemaliza kidato cha nne mwaka huo huo."

Mgeni alifika akatusalimu kwa mkono. Nilimchukia yule kijana kwa muda wa kama dakika tano, kisha nikakumbuka kwamba viatu vyangu navyo vilikuwa na historia yake, nikaacha. Hata dharau inahitaji mahali pa kusimama.

Mwaka wa mwisho chuo kiliadhimisha jubilei, na kitabu kipya cha historia kikaandaliwa, kinene zaidi, chenye miche mingi zaidi. Wanafunzi wa historia tuliombwa kusaidia. Nilimpigia baba simu, nikaandika maelezo yake neno kwa neno, pamoja na mafundi wenzake na mfereji, nikayapeleka kwa mhariri. Mhariri alisema yanasisimua mno. Yakarudi kwangu yakiwa yamefupishwa kuwa sentensi moja: "Jamii za eneo hilo na mafundi mbalimbali walichangia kwa hali na mali." Picha yangu ya Ndhiwa, hata hivyo, ilipewa ukurasa mzima.

Kwenye sherehe yenyewe niliteuliwa kuzungumza kwa niaba ya wafadhiliwa. Afisa wa faili, ambaye sasa alikuwa amepanda cheo, alinipa hotuba iliyochapwa. Ilianza, "Nilikuwa natembea peku." Nilipanda jukwaani, nikaikunja.

Nilisema: "Mimi nina viatu. Siku ile pia nilikuwa navyo, vilikuwa nyuma ya ghala. Mama yangu anauza omena na nyumba yetu ina rangi, na kwa sababu ya rangi hiyo mlininyima nafasi. Na ukumbi huu tuliomo ulikuwa banda la kukamulia ng'ombe. Mfereji wa mikojo unapita chini ya viti vya wageni wa heshima. Baba yangu ndiye aliyeuziba."

Nilisubiri dari ianguke.

Walicheka. Wageni wa heshima waliinua miguu yao kwa mzaha na kutazama chini ya viti, mmoja akaziba pua, na ukumbi mzima ukaangua kicheko na makofi. Mkuu wa chuo alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema chuo kinajivunia vijana wenye ucheshi. Nilitafuta uso wa profesa wa Homa Bay katika safu ya mbele nikidhani angalau yeye atakasirika. Alikuwa anapangusa miwani, anacheka mpaka machozi. Ndipo nilipoelewa watu wale walivyo. Huwezi hata kuwatukana. Watakupigia makofi, watakupa soda, na kesho wataandika kwamba mfadhiliwa aliichangamsha hadhira.

Mahafali yetu yaliangukia Jumamosi, na Sabato ikampa mama sababu nzuri ya kutokuja. Baba alikuja peke yake. Aliingia ukumbini kabla ya watu, akatembea katikati ya sakafu akiikanyaga kwa kisigino, akaniambia, "Imeshika."

Sasa ninafundisha historia katika shule moja Ndhiwa, si mbali na kaburi la dani. Tangazo la ufadhili bado huletwa shuleni kila mwaka na wasichana huniuliza kama waombe. Nawaambia waombe. Nawasaidia kujaza fomu na nawaeleza wazi ni nini kitatafutwa uani kwao, ili achague kila mmoja na mzazi wake. Naidharau meza ile, lakini nilikula hapo, na siwezi kumkataza mwenye njaa.

Likizo ya Agosti iliyopita nilimsindikiza mama hadi Sori, ufuoni mwa ziwa, kununua omena. Zilikuwa zimetoka ziwani asubuhi hiyo na wanawake walikuwa wanazianika kwenye nyavu zilizotandazwa chini. Tuliinama upande huu na upande ule tukizisambaza kwa mikono. Kwa miaka yote hiyo hakuwa amelitaja bango.

"Siku ile ya Ndhiwa," alisema ghafla, "kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungekubali?"

Alifikiri. Mama hajibu kitu kabla ya kukifikiria.

"Nisingekubali," alisema. "Ungekuwa hapa nami kila siku, unaanika."

"Basi."

"Basi ulifanya vizuri kutoniuliza," alisema. "Lakini usinitake nifurahi."

Nikamwambia sitamtaka. Akanionyesha upande wangu wa wavu, ambako nilikuwa nimezirundika, akaniambia nizitawanye vizuri, jua lisije likaondoka.